Kapteri ni ya mkulima, paserele ni ya koperative



Katika mikutano yetu ya kandokando ya Goma, ulizo moja linarudi kila mara. Mtu anashika mkononi kale kadude kadogo ka kupima joto na unyevu, anakageuza, halafu anauliza: «Hii kitu itakula mega ngapi kwa mwezi?» Jibu linashangaza wengi: haitakula hata mega moja. Haina kadi ya SIM. Inatuma sauti ndogo tu ya redio, na batri zake ndogo zinaweza kuitumikisha miaka kadhaa.

Lakini sauti hiyo lazima isikilizwe na kitu fulani. Kitu hicho ni kisanduku chenye antena ambacho mafundi wanakiita paserele. Kinasikia kapteri zote za mitaa ya karibu, kinapokea ujumbe wao, na kuupeleka kwenye intaneti. Kapteri kumi au mia moja, paserele inaweza kuwa moja, na kadi ya SIM ni moja. Kwa hiyo gharama na shida karibu zote zinakaa fasi moja. Mkulima peke yake hana faida ya kununua paserele. Ni kazi ya koperative, sawa vile depo au mashini ya kusaga.

Katika toleo hili tunaeleza namna ya kuisimika, na mambo ambayo komite ijibu mbele ya kutoa dola hata moja.

Kuita ng'ambo ya bonde

Ufundi huu unaitwa LoRa. Ulianzia Ufaransa, katika kampuni ndogo ya Grenoble iliyoitwa Cycleo, ambayo Semtech ya Marekani iliinunua mwaka 2012. Kanuni za kuunganisha kapteri na paserele zinaitwa LoRaWAN.

Wewe unayelima milimani unajua siri yake. Mtu akitaka kumwita jirani ng'ambo ya bonde, hasemi mbiombio. Anavuta sauti, neno moja moja. LoRa inafanya vile vile: inasema maneno machache, polepole, kwa sauti inayopanda au kushuka, na kwa hiyo inasikika mbali kwa nguvu kidogo sana. Picha haipiti, wala sauti ya mtu. Kinachopita ni namba: joto 17, unyevu 92, maji ya tanki sentimita 40.

Kadiri kapteri iko mbali, ndivyo inavuta sauti zaidi. Ujumbe wa herufi kumi, ukitoka karibu, unamalizika kwa sekunde 0.06 hivi. Ukitoka mbali kabisa, unachukua karibu sekunde 1.5, zaidi ya mara ishirini. Maana yake batri nayo inakwisha haraka. Kwa hiyo paserele ikisimikwa fasi nzuri, inaokoa batri ya kila mkulima. Ikisimikwa vibaya, wote wanalipa.

Majirani zetu wamekwisha kuanza. Mbuga ya Akagera, kule Rwanda, iliweka LoRaWAN mwaka 2017 kwa kazi ya ulinzi wa mbuga. Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, waliitumia kupima kimo cha maji ya mto. Na sisi wa Goma tunajua faida ya kupima kitu bila kukifikia kila siku: Observatoire Volcanologique de Goma inasikiliza Nyiragongo na Nyamulagira kwa vituo vilivyosambaa milimani, hata kama vyombo vyake si vya aina hii.

Kwanza, unataka kujua nini?

Usinunue kapteri kwa sababu ni mpya. Anza na uamuzi ambao unakupotezea pesa.

Mfano wa kwanza ni viazi, birayi vyetu. Ugonjwa wa mildiu unapenda baridi ya wastani na unyevu wa saa nyingi. Uskoti, taasisi ya James Hutton ilitoa kanuni mwaka 2017: siku mbili mfululizo ambazo joto halishuki chini ya digri 10, na kila siku unyevu unafika 90 kwa mia kwa saa sita au zaidi, ni siku za hatari. Kapteri ya joto na unyevu inaweza kuhesabu saa hizo. Lakini tuseme ukweli: kanuni hiyo ilitengenezwa kwa Uingereza. Kwetu, katikati ya mvua ya mwezi wa kumi na moja, italia karibu kila siku, na hauhitaji mashini kukuambia kama mvua inanyesha. Faida yake iko mwanzoni na mwishoni mwa msimu, wakati mvua inakuja na kuondoka, na watu wanapulizia dawa kwa kufuata kalenda tu. Hapo kupulizia mara moja pungufu ni pesa inayobaki mfukoni. Mwaka wa kwanza, linganisha kile kapteri inasema na kile macho yako yanaona shambani.

Mfano wa pili ni depo. Mahindi yanayokaa mahali ambapo unyevu wa hewa unapita 70 kwa mia kwa muda mrefu yanaingia ukungu, na ukungu mwingine unaleta sumu ya aflatoksini. Kapteri moja ndani ya depo, kati ya magunia, inaonyesha hatari mbele ya harufu kutoka. Huu ndio mwanzo tunaoshauri, kwa sababu ni rahisi na faida inaonekana upesi.

Fasi ya kuisimika

Katika nchi tambarare, paserele inaweza kusikia kilomita 10 na zaidi. Kwetu kuna milima, na mawimbi haya hayatoboi mlima. Mwaka 2017, kapteri iliyobebwa na puto juu sana angani Ulaya ilisikika umbali wa kilomita 702. Nguvu yake ilikuwa ndogo tu. Kilichosaidia ni kwamba hakuna kilichoizuia kutoka juu. Urefu wa fasi ni zaidi ya bei ya kisanduku.

Sisi wenyewe tulikosea hapa. Katika koperative moja tulifunga antena juu ya depo, kwa sababu depo ina mlinzi na mlango wa chuma. Ilisikia mashamba ya mbele tu. Mashamba ya nyuma ya kilima, nusu ya wanamemba, hayakusikika hata siku moja. Wakatuuliza kwa nini walitoa mchango sawa na wengine. Tulikosa jibu. Tulihamisha antena kwenye kilima, na tulijifunza kupima kwanza.

Kupima hivi: panda fasi unayofikiria na paserele ya muda na batri yake. Mtu mwingine azunguke mashamba yote na kapteri moja, aandike wapi ilisikika na wapi haikusikika. Siku moja ya kutembea inaokoa mwaka wa kelele.

Antena ipite mabati na miti, ikae wima, mita mbili au tatu juu ya paa. Waya wa antena uwe mfupi: ule mwembamba wa bei ya chini, RG58, unapoteza karibu nusu ya nguvu ndani ya mita sita. Afadhali kisanduku kikae karibu na antena, na urefue waya wa umeme. Na usiwashe kamwe paserele mbele ya kufunga antena, inaweza kuunguza redio yake.

Masafa na aina ya kisanduku

Paserele ya kweli inasikiliza njia nane kwa wakati mmoja. Zile za njia moja ni za bei kidogo, lakini zinakosa ujumbe mwingi. Tusizinunue kwa kazi ya koperative.

Angalieni pia masafa yaliyoandikwa kwenye kisanduku. Vyombo vya aina ya Ulaya vinatumia 868 MHz, vya Marekani vinatumia 902 hadi 928 MHz. Hivi vya Marekani vinaingia ndani ya masafa ambayo simu zetu za GSM zinatumia kuzungumza na antena ya kampuni. Ukivileta hapa unaharibia jirani simu. Paserele na kapteri ziwe za aina moja, na mbele ya kununua, ulizeni masharti kwa ARPTC, wenye kusimamia masafa nchini.

Umeme na radi

Paserele pamoja na kifaa cha intaneti vinakula wati 8 hivi, usiku na mchana. Kwa siku ni 8 mara 24, yaani wati-saa 192. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 inabeba 1,200. Kama ni ya risasi, tumia nusu tu ili isife mbio. Nusu ni 600, siku tatu bila jua. Paneli ya wati 100, kwa saa nne za jua nzuri, na tukitoa hasara, inarudisha 280. Inatosha, hata kwa wiki za mawingu kidogo.

Sasa radi. Utafiti wa satelaiti uliotolewa mwaka 2016 uliweka Kabare, hapo Kivu ya Kusini, fasi ya kwanza Afrika nzima: zaidi ya radi 200 kwa kilomita ya mraba kila mwaka. Fimbo ya chuma juu ya kilima bila ulinzi ni kuiita. Weka parafudri kwenye waya wa antena, na waya mnene wa shaba unaoshuka ardhini. Hapa Goma, ardhi ya lava haikubali kupigiliwa chuma. Chimba mtaro mrefu, laza waya wa shaba ulio wazi, funika kwa udongo mweusi unaoshika maji. Kazi hii ifanywe na fundi wa umeme, na wakati mvua inakuja mtu asipande kwenye nguzo.

Rezo ikikatika, funguo zikipotea

Kwa kapteri ishirini zinazotuma kila nusu saa, mega 100 au 200 kwa mwezi zinatosha, kama hakuna mtu anayetumia kifaa hicho kwa video. Lakini rezo yetu inakatika, mara nyingine siku nyingi. Kama programu inayopokea iko ng'ambo tu, kwa mfano The Things Network, namba za siku hizo zinapotea. Kuna programu ya bure, ChirpStack, inayoweza kukaa kwenye kompyuta ndogo ndani ya depo yenu. Rezo ikikatika, sekretere bado anasoma namba kwa simu yake akiwa karibu na depo. Kwa hali yetu, tunashauri hii.

Kila kapteri ina namba yake na ufunguo wa siri, mstari wa herufi 32. Bila ufunguo, kapteri ni plastiki tu. Ufunguo usikae kwenye kompyuta ya fundi peke yake, wala kwetu peke yetu. Fundi anahama, mradi unakwisha. Uandikwe katika daftari mbili: moja kwa sekretere, moja ndani ya sanduku la hazina.

Watu mbele ya kisanduku

Tunamaliza na jambo zito zaidi. Katika eneo letu, antena mpya juu ya kilima si kitu kidogo. Mtu asiyejua anaweza kufikiri ni ya kupeleleza, na anayelipa ni mlinzi au mwenye shamba. Kwa hiyo:

Shefu wa lokalite na wa grupma wajulishwe kwanza, na barua yao iwekwe kwenye ofisi ya koperative.

Fungueni kisanduku mkutanoni, mchana, mbele ya wote. Kila mtu aone: hakuna kamera, hakuna kitu cha kunasa sauti.

Andikeni juu yake, kwa Kiswahili, ni cha nani na kinapima nini.

Msiweke kapteri kwa shamba la mtu bila ruhusa yake, na namba za shamba lake zisitolewe kwa mnunuzi bila yeye kukubali.

Hali ikiharibika, kisanduku kiachwe. Kama mwenye silaha anakitaka, akichukue. Hakuna kapteri inayolingana na uhai wa mtu.

Basi, mbele ya kutuandikia kuomba paserele, kaeni na wanamemba mjibu haya matano: Tunataka kuamua nini kwa namba hizi? Kilima ni cha nani, na ameruhusu? Nani atanunua mega mwezi ambao mradi umekwisha? Nani ataosha paneli na kuangalia batri? Daftari la funguo liko kwa nani? Koperative iliyo na majibu matano, tutapanda nayo kilimani. Iliyo na mawili au matatu, tuanze na daftari na kipimo cha mvua cha plastiki. Hiki nacho kinafundisha mengi, na hakiogopi radi.

Kazi njema na msimu mwema.