Ukuta wa Hewa

Je, wajua kwamba kuna ukuta ambao mtu mmoja huushusha peke yake kutoka kwenye lori, lakini nyumba ikikamilika ukuta uo huo una uzito wa nusu tani?

Ni paneli ya EPS. Hapa Kenya shirika la serikali la nyumba, NHC, lina kiwanda cha paneli hizi Mavoko, na lori linaloelekea Kwa Vonza, Kitui, hushika njia ya Machakos na Wamunyu. Mwanzo wake ni punje za plastiki iitwayo polistirini, ndogo kama sukari, zenye gesi ndani. Zikipigwa mvuke hufura mara 40 hivi, kisha hutiwa kwenye kalibu na kupigwa mvuke tena mpaka zishikane kuwa bonge jeupe la povu. Takriban asilimia 98 ya bonge hilo ni hewa. Wajerumani wa kampuni ya BASF ndio walioliingiza sokoni miaka ya 1950. Likishakatwa, kila upande hufunikwa wavu wa waya uliopakwa zinki, na nyaya fupi hupenya katikati ya povu kuziunganisha nyavu hizo mbili.

Piga hesabu. Povu la mita 3 kwa 1.2, unene wa sentimita 8, lina kilo 4 na ushee. Lipige plasta ya sentimita 3.5 kila upande, uzito unaruka hadi kilo 500 hivi. Kwa hiyo nguvu ya nyumba hii iko kwenye plasta na waya. Povu kazi yake ni kuzuia joto, na hapo halina mpinzani: huzuia joto mara 20 hivi zaidi ya tofali la kuchoma. Na tofali la kuchoma lina deni lingine, kuni za tanuri, katika nchi ambayo miti yake inamalizwa na makaa.

Kazi yenyewe inapendeza kuitazama. Paneli hufungwa kwenye vyuma vilivyochomoza msingini, na dirisha hukatwa kwa msumeno. Fundi wa umeme hana haja ya patasi wala nyundo. Hupitisha hewa ya moto chini ya wavu, povu linayeyuka na kuacha mfereji, naye anapenyeza paipu yake. Kisha kompresa inanguruma, na plasta inarushwa ukutani tabaka kwa tabaka.

Ila povu hili lina maadui. Tone la petroli hulitoboa papo hapo. Mchwa hawalili, lakini hulichimba njia wakielekea kwenye mbao za paa, kwa hiyo dawa ya mchwa msingini ni lazima. Moto nao huliyeyusha likiachwa wazi. Plasta nzima ndiyo ngao yake.

Hapo ndipo Kwa Vonza inapomtia mjenzi majaribuni. Plasta mpya hutaka kunyunyiziwa maji kila siku kwa wiki moja hivi, na kwa jua la Kitui hata mara kadhaa kwa siku. Pale ambapo maji hununuliwa kwa mtungi, watu wa mjengo huanza kubania siku ya tatu. Plasta ikikauka upesi hupasuka, unyevu hupenya kwenye ufa, na waya huanza kushika kutu. Kosa hilo halionekani siku ya kukabidhiwa funguo.

Tena, mabati bila dari hupika chumba hata kuta zikiwa za povu tupu. Wewe mwenye ploti unayepanga kuwajengea hosteli wanafunzi wa Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya hapo Kwa Vonza, usiulize bei ya paneli pekee. Tenga kwanza pesa za dari, na ujaze tangi la maji kabla lori halijaondoka Mavoko.