Malagarasi: Bwawa Lisilo na Ukuta

Mtera na Nyumba ya Mungu ni mabwawa yaliyojengwa kwa mikono ya watu. Bwawa la nyanda za Kigoma halina ukuta wala mlango wa maji. Limejengwa na mafunjo.

Mto Malagarasi huanzia milima ya Uha, mpakani na Burundi. Ziwa Tanganyika lipo jirani tu upande wa magharibi, lakini mto hulipa kisogo. Hushika njia ya mashariki, ukaizunguka nchi ya Kasulu na Kibondo, ukatua katika bonde tambarare la Moyowosi, ndipo urudi magharibi kupitia Uvinza hadi ziwani.

Bondeni humo maji huishiwa mbio. Mafunjo, marefu kuliko mtu, hufuma mizizi yao ikawa mkeka mzito unaonasa tope. Mvua zikikolea, maji hutanda hadi maziwa ya Nyamagoma na Sagara; kiangazi, hutoka kidogo kidogo. Mwaka 2000 ardhioevu hii, yenye hekta 3,250,000, ikawa ya kwanza nchini kuingia katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhioevu. Ndani yake limo Pori la Akiba Moyowosi.

Hapo ndipo anapoishi korongo-nyangumi, ndege wa kijivu anayezidi mita moja kwa kimo, mdomo wake mpana kama kiatu. Husimama kando ya mafunjo bila kutikisika, macho majini. Humvizia kamongo, samaki mwenye mapafu, ambaye hana budi kupanda juu kuvuta hewa. Akichomoza tu, ndege humwangukia kwa mwili mzima.

Samaki wa mto huu wana simulizi yao. Baadhi wana ndugu katika mito ya Kongo, ilhali Ziwa Tanganyika, lililo katikati, halina jamii hiyo. Wataalamu wanaeleza kuwa Malagarasi ni mkongwe kuliko ziwa: kabla Bonde la Ufa halijapasuka, uliteremka hadi Kongo.

Uhai wa bwawa hili unaamuliwa milimani. Warina asali wanaotundika mizinga katika miombo wanautunza msitu, na msitu hushika udongo. Jembe linalofika ukingoni mwa kijito hushusha udongo huohuo hadi kwenye mafunjo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni ziachwe. Mkulima wa Kasulu na Kibondo, tafadhali ziache.