Waridi au Nyanya? Yaliyonikuta Kupiga Picha Maua

Leo naomba niwape yaliyonikuta na kamera, labda yatamwokoa mtu.

Mama mdogo anauza miche ya maua kando ya barabara hapa Dar. Kuna mteja, mwenye ukumbi wa harusi, alitaka kuona picha za maua kabla hajatoa oda, mwisho Jumamosi. Mimi ndo kwanza nimenunua kamera ya mtumba, ile ya kubadilisha lenzi, nikajitapa: "Mama, niachie mimi." Saa 7 mchana nikapiga picha 112. Kwenye kioo kidogo cha nyuma zote bomba. Kuzifungua kwenye kompyuta, hoi! Kioo kilinipiga changa la macho. Mama mdogo akaitazama ya kwanza, akauliza, "Mwanangu, hili waridi au nyanya?"

Kosa la kwanza, nilisogea mno. Kila lenzi ina umbali wake, ukizidi kusogea haishiki fokasi. Yangu imeandikwa 0.25m, yaani sentimita 25, na zinahesabiwa kuanzia kile kidude cha ndani kinachopokea mwanga, siyo kwenye ncha ya lenzi. Mimi nilikuwa karibu kulibusu ua! Rudi nyuma, vuta zumu hadi mwisho, bonyeza kitufe nusu, usubiri mlio, ndo umalizie. Wenye kamera ndogo za mfukoni tafuteni alama ya ua, hiyo ni ya vitu vya karibu.

Sasa hiyo nyanya. Kamera inapokea mwanga kwa rangi tatu: nyekundu, kijani na bluu. Waridi jekundu kwenye jua kali linajaza upande wa nyekundu hadi pomoni, huku kamera ikidhani mambo shwari. Mikunjo yote ya petali inapotea, linabaki bonge la wekundu. Tafuta kitufe cha +/- ushushe hadi -1. Halafu achana na jua la mchana. Mimi nilirudi saa 1 asubuhi, jua bado la upande, umande upo, nikaona waridi lina mishipa ambayo sikuwahi kuiona hata kwa macho.

Asumini ni kinyume chake. Kamera inapima kama vile kila kitu kina mwanga wa wastani, kwa hiyo weupe ukijaa kwenye picha unatoka kijivu, kama shuka lililofuliwa kwa maji ya mtaro. Hapo unapandisha, +1.

Na upepo jamani! Shata ikiwa 1/30 ua linacheza, picha inatoka ukungu. Nilipandisha ISO hadi 400 nikapata 1/250, na kikonyo nikakifunga kwenye kijiti kwa uzi (kijiti kisionekane lakini). Apacha niliweka f/8, maana f/5.6 ilinipa petali moja safi, nyingine zote usingizini.

Ijumaa jioni nikampa mama mdogo picha 14. Ndiyo, 14 tu, na nilikuwa nimepiga zaidi ya 200. Mteja akaagiza miche 40 ya waridi. Ile ya nyanya nilitaka kuifuta, mama mdogo kanikataza. Kila mgeni akija lazima aonyeshwe.