UMEPATA KIBALI CHA KUONGEZA CHUMBA CHA MZIGO? KABLA HUJAMWITA FUNDI, SOMA HAPA



Wengi wetu tunaouza mtandaoni, stoo yetu ni chumba cha kulala. Mzigo uko chini ya kitanda, juu ya kabati, mpaka sebuleni. Sasa siku halmashauri ikikupa kibali cha kuongeza chumba, unaona umemaliza kazi. Bado. Kibali kinakuruhusu kujenga, hakikulindii biashara wakati unajenga.

Mimi niko Mjimwema, hapa Songea, nauza mashuka na mapazia. Niliongeza chumba kimoja nyuma ya nyumba. Chumba kipo, ila nusura kiondoke na mtaji. Haya ndo ningependa mtu aniambie mapema.

1. KISOME KIBALI, USIKIFUNGIE KABATINI
Angalia muda wake, masharti yake, na hatua ambazo mkaguzi anatakiwa aje kuangalia. Toa kopi ya ramani yenye mhuri, mpe fundi. Akikwambia "tusogeze kidogo huku", mjibu kwa ramani. Ukitaka kubadilisha, rudi halmashauri kwanza.

Na hili wengi hatulijui: kibali cha kuongeza chumba kwenye nyumba ya kuishi si ruhusa ya kufungua duka. Ukitoboa mlango wa barabarani ili wateja waingie, hapo unabadili matumizi ya jengo, na kwa Sheria ya Mipangomiji ya 2007 hilo linaombewa ruhusa yake. Leseni ya biashara nayo ni jambo jingine. Uliza kabla ya kutoboa.

2. PANGA NA MSIMU
Huku Ruvuma mvua zinaanza Novemba au Desemba na kuendelea mpaka Aprili, kwa hiyo ujenzi ni kiangazi. Lakini kiangazi hicho hicho ndo watu wamevuna mahindi, wakiuza wanashika hela, na oda zinakuja. Hapo ndo pagumu. Mimi nilikuwa nasimamia fundi kutwa nzima. Mteja kaandika asubuhi, namjibu saa kumi jioni, kashanunua kwingine. Si mmoja, ni wengi.

Ushauri wangu: chimba msingi mara mvua zikikatika, kabla mauzo hayajachanganya, na uwe umeezeka kabla Oktoba haijaisha. Kila siku tenga saa zako za kujibu wateja, na mafundi wazijue. Kama huwezi, tafuta ndugu mmoja akusimamie site.

3. HELA YA UJENZI NA MTAJI VISIKAE LAINI MOJA
Hapa ndo tunapokufa wengi. Bati zimepungua mbili, unachomoa kwenye mtaji "nitarudisha". Kesho misumari, keshokutwa nauli ya mchanga. Mwisho chumba kimeisha na hakuna cha kuweka ndani.

Weka hela ya ujenzi laini nyingine au akaunti nyingine. Piga hesabu mwenyewe kabla ya fundi. Mfano, chumba cha mita 3 kwa 4 kinachoegemea ukuta uliopo kwa ule upande wa mita 4: kuta mpya ni 3 + 4 + 3 = mita 10. Kimo mita 3, unapata mita za mraba 30. Toa mlango na dirisha, tuseme 3, zinabaki 27. Tofali za bloku za inchi 6 zinaenda kama 10 kwa mita moja ya mraba, yaani kama 270, ongeza kidogo za kuvunjika. Za kuchoma zinatofautiana ukubwa, pima kwanza moja. Hesabu ikishakamilika, ongeza angalau sehemu moja ya kumi ya dharura. Kama hela haifiki kwenye paa, usianze.

4. UKUTA WA ZAMANI UVUNJWE MWISHO
Fundi wangu alitoboa ukuta wa kuunganisha siku za mwanzo ili apite kirahisi. Nami nikakubali. Vumbi likaingia kwenye mashuka meupe yaliyokuwa bado kwenye mifuko yake, maana mifuko ile haizibi. Niliyauza kwa bei ya hasara, mengine nikatandika mwenyewe.

Kwa hiyo andikianeni kabisa: ukuta hautobolewi mpaka chumba kipya kiwe kimeezekwa na kina mlango. Siku ya kutoboa, mzigo uwe umehamia chumba cha mbali au kwa jirani unayemwamini, umefunikwa na nailoni, haugusi sakafu.

5. MENGINE, KWA HARAKA
- Jua bomba la maji na waya wa umeme vinapita wapi kabla jembe halijagusa chini.
- Umeme wa chumba kipya afunge fundi mwenye leseni ya EWURA. Kukiungua, unaungua na mzigo.
- Mlipe fundi kwa hatua iliyokamilika, si kwa siku. Muandikishiane mbele ya shahidi.
- Saruji nunua ya hatua mliyopo, iweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Ikipata unyevu inaganda.
- Waambie majirani, hasa wa upande unaojengwa. Mchanga ukimwagwa njiani ugomvi unaanza.
- Waambie wateja pia. Weka status: "Wiki hii oda zinatoka jioni tu." Mteja aliyeambiwa anasubiri, asiyeambiwa anahisi ametapeliwa.

Chumba cha mzigo ni maendeleo, jengeni. Ila siku unakabidhiwa ufunguo, hakikisha bado una mzigo wa kuingiza.

Wewe ulijenga huku unauza? Kitu gani kilikukosti? Tuandikie hapo chini, na umtumie mwenzako aliyepata kibali juzi.