Mfuko ni Ule Ule, Chakula si Kile Kile

Zamani paka wa mjini alikula alichopata: ugali uliobaki, omena, kichwa cha samaki, na panya akibahatika. Siku hizi supamaketi za Nairobi na Mombasa zina rafu nzima ya chakula chake, na ule mfuko wenye picha ya paka aliyenona waweza kugharimu kuliko unga wa familia wa wiki nzima. Hata hivyo, wafugaji wengi wana lalamiko moja. Mwezi huu paka analamba sahani hadi inang'aa. Mwezi ujao mfuko ni ule ule, bei ni ile ile, naye ananusa tu na kwenda zake. Wengine hutapika. Je, msomaji, hayo ni madeko ya paka ama chakula kimebadilika?

Madeko yapo, paka ni paka. Lakini mara nyingine mwenye kosa ni chakula. Aina nyingi za chakula kikavu huchanganywa nafaka kama mahindi, mchele au ngano, pamoja na unga wa nyama au samaki, mafuta na vitamini. Nafaka hutoka kwa wauzaji tofauti, msimu hadi msimu, ilhali jina la mfukoni halibadiliki. Mwezi Machi 2007, kampuni ya Menu Foods ya Kanada ilirejesha kutoka madukani makopo na pakiti zipatazo milioni 60, na baadaye ngano iliyotoka China ikapatikana imetiwa kemikali ya melamini. Paka na mbwa walikufa kwa kuharibika figo. Kilichowashangaza wanunuzi ni kwamba chakula cha bei ghali na cha bei rahisi kilitoka katika viwanda vya kampuni hiyo hiyo! Miaka 20 kabla ya hapo, 1987, Dkt. Paul Pion wa Chuo Kikuu cha California alionyesha kwamba paka waliokuwa wakila vyakula vya madukani vyenye sifa nzuri walipata ugonjwa wa moyo kwa kukosa taurini ya kutosha. Viwanda vikaiongeza.

Kuhusu jinsi nafaka inavyoharibika, hatuna haja ya kwenda Marekani. Twende Makueni na Kitui.

Mwaka wa 2004 mvua ilinyesha wakati mahindi yalipokuwa yakivunwa. Watu walikuwa na njaa na wengi waliogopa wezi, hivyo mahindi yakaingizwa ndani ya nyumba yangali na unyevu. Kuvu ikaota, na kuvu hiyo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo hushambulia ini. Kufikia Julai 20 wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na 125 kati yao walifariki, wengi wakiwa wa wilaya hizo mbili. Wataalamu walipokusanya sampuli 350 za mahindi na unga sokoni, zaidi ya nusu zilizidi kiwango kilichoruhusiwa wakati huo, sehemu 20 kwa kila bilioni. Asilimia 7 zilizidi sehemu 1,000. Nyingine zilikuwa safi kabisa. Yaani magunia mawili yaliweza kusimama bega kwa bega, moja chakula na jingine sumu.

Hapo ndipo penye fumbo lote la ubora. Sumu hii haienei sawasawa; punje chache zaweza kuchafua gunia. Anayepima kiganja kimoja aweza kuikosa. Akina mama wa Ukambani wanaokoboa mahindi kupika muthokoi hupunguza sehemu ya sumu kwa kuondoa maganda, ila hawaimalizi.

Wanyama nao hawasazwi. Mwaka wa 1981, Makueni ingali sehemu ya Wilaya ya Machakos, watu 12 walikufa kwa sumu hiyo. Kabla ya hapo njiwa walikuwa wamekufa, kisha mbwa waliokula chungu kimoja na wenyeji. Huko Marekani, mwishoni mwa 2020, chakula cha mbwa cha Sportmix kilipatikana na aflatoksini iliyozidi kiasi. Zaidi ya mbwa 110 waliripotiwa kufa, na baadaye hata chakula cha paka cha kampuni hiyo kikarejeshwa.

Basi mwenye paka afanyeje? Nunua mfuko mdogo unaokwisha upesi, na usiutupe ukishakimimina chakula mkebeni, kwa maana nambari ya toleo iliyopigwa juu yake ndiyo ushahidi wako. Paka akikataa ghafla chakula alichokizoea, usimshindishe njaa ili ashike adabu; siku mbili au tatu bila kula zaweza kumharibu ini. Ukiona ufizi au ngozi ya masikio imegeuka manjano, mpeleke kwa daktari wa mifugo upesi, ukibeba na kile chakula. Ugali na mchuzi pekee havimtoshi, kwa kuwa taurini huipata katika nyama na samaki.

Na yale mahindi yanayotumwa kutoka nyumbani yakifika yameota ukungu, usimwagie kuku wala kumpikia mbwa. Kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo.