Nyanya Zinaponyweshwa Maji ya Chumvi

Saa saba mchana udongo bado umelowa maji ya asubuhi, lakini miche ya nyanya imesinyaa kama vile haijamwagiliwa wiki nzima, na kingo za majani ya chini zimeungua. Wenye bustani karibu na bahari wanaijua hali hii. Kisima kikivutwa kwa pampu kuliko kinavyojaa, maji ya bahari hupenya chini kwa chini, na kila umwagiliaji huacha chumvi yake pale maji yanapokauka.

Chumvi huudhuru mmea kwa njia mbili. Kwanza huyang'ang'ania maji, mizizi ikashindwa kuyavuta ingawa yapo. Kisha sodiamu yenyewe huingia. Hii inafanana mno na potasiamu, kirutubisho kinachowezesha vimeng'enya zaidi ya 50 kufanya kazi, kwa hiyo hupita mlango uleule na kukalia kiti cha mwenzake bila kuifanya kazi yake.

Ndiyo maana mche ulioshiba potasiamu hustahimili zaidi: sodiamu haipati nafasi kirahisi. Kalsiamu nayo huimarisha utando wa seli za mizizi, na sodiamu inapozidi, ndiyo inayopeleka taarifa ya kuamsha pampu za kuitoa nje. Naitreti hushindana na kloridi, ile nusu nyingine ya chumvi.

Tazama sasa tunda lenyewe. Chini lina doa jeusi, kavu, lililobonyea kama ngozi. Wakulima huiita hali hii kuoza kitako. Wengi hudhani ni ugonjwa, wakanunua dawa ya ukungu, hela ikapotea bure. Ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda, na huweza kutokea hata penye udongo wa matumbawe uliojaa kalsiamu. Kalsiamu husafiri na maji yanayopanda kuelekea majani. Chumvi ikipunguza maji hayo, tunda huambulia kidogo. Kunyunyizia majani hakusaidii sana, maana kalsiamu ikishafika kwenye jani hairudi kwenye tunda.

Hapa wauza pembejeo hawasemi yote. Mbolea nayo ni chumvi. Kloridi ya potasiamu, ile ya bei nafuu, karibu nusu ya uzito wake ni kloridi. Kuimwaga kwenye bustani yenye chumvi ni kuongeza tatizo. Salfeti ya potasiamu ni ghali, lakini ndiyo inayofaa, tena kwa dozi ndogondogo. Mmea ukishatosheka, potasiamu ya ziada haiuongezei ustahimilivu.

Mazao pia hayalingani. Wataalamu hupima chumvi ya udongo kwa desisimensi kwa mita: nyanya huanza kupungua mavuno kipimo kikipita 2.5, ikipoteza karibu asilimia 10 kwa kila kipimo kimoja kinachoongezeka. Maharage huanza kuumia kwenye 1, na hasara yake ni karibu maradufu. Kwa maji mabaya sana, mimi ningebadilisha zao kabla ya kununua mfuko wowote.

Kwenye mfinyanzi wenye sodiamu nyingi, kama sehemu za tambarare za kusini mwa Moshi, jasi hufanya kazi ambayo mbolea haiwezi: kalsiamu yake huing'oa sodiamu kwenye chembe za udongo. Lakini sodiamu iliyong'olewa lazima isukumwe chini ya mizizi kwa maji baridi mengi, na shamba liwe na mfereji wa kuyatoa. Wasio na maji hayo huitandaza jasi kabla ya masika.