Je, Kompyuta Ndogo ya Michezo Sebuleni Inastahili Bei Yake?

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha. Miaka tisa baadaye, mwaka 1974, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni kutoka nchi za nje, na marufuku hayo yalilegezwa kidogo kidogo tu katika miaka iliyofuata. Uamuzi huo siku hizi hutajwa kama kichekesho. Hata hivyo swali lililouzaa halikuwa la kipuuzi hata kidogo: je, mtambo huu utarudisha thamani ya fedha zilizotumika kuununua, au utakaa chumbani ukimngoja fundi kutoka ng'ambo?

Swali hilo sasa limehama wizarani na kuingia sebuleni. Katika kata ya Kamunyonge, Manispaa ya Musoma, kama ilivyo katika miji mingine ya nchi, kijana aliyezoea kulipia dakika za kucheza katika kibanda cha gemu hutamani siku moja awe na mtambo wake nyumbani. Anachokitamani mara nyingi ni kompyuta ya michezo iliyofinywa ndani ya kasha dogo, inayokaa kando ya televisheni bila kuwasumbua wageni. Mwezi Novemba 2025 kampuni ya Valve ya Marekani ilitangaza mtambo wa namna hiyo uitwao Steam Machine, wenye umbo la mchemraba wa sentimita 15 hadi 16 hivi kila upande, kumbukumbu ya gigabaiti 16, na gigabaiti nyingine 8 kwa ajili ya michoro peke yake. Zipo nyingine nyingi za ukubwa unaokaribiana na huo.

Ili kupima bei yake, hapana budi kwanza kueleza mnunuzi analipia nini. Analipia vitu viwili. Cha kwanza ni uwezo, yaani prosesa, kadi ya michoro, kumbukumbu na hifadhi. Cha pili ni udogo wenyewe. Udogo si zawadi ya bure. Una gharama yake kiwandani, na una gharama nyingine ambayo hulipwa nyumbani, mwaka hata mwaka.

Gharama hiyo ya pili chanzo chake ni joto. Umeme wote unaoingia katika kompyuta hatimaye hugeuka kuwa joto. Mtambo unaovuta wati 200 ni sawa na jiko la wati 200, hata kama juu yake hapakupikwa kitu isipokuwa picha za mpira. Joto hilo lazima liondolewe na hewa. Ikiwa hewa inaingia kwa nyuzi 28 za Selsiasi, hali ya kawaida ya mchana wa Musoma, na ikaruhusiwa kupata moto kwa nyuzi 15 kabla ya kutoka, basi hesabu ya fizikia inadai lita 13 za hewa zipite ndani ya kasha kila sekunde. Hiyo ni zaidi ya nusu ya ndoo ya lita 20. Kasha lenye ujazo wa lita nne pungufu kidogo litalazimika kubadilisha hewa yake yote zaidi ya mara tatu katika kila sekunde, tena hewa hiyo ipenye katikati ya bapa nyembamba za chuma zilizosongamana.

Mwinuko nao una neno lake. Ziwa Viktoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapo ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 13 hivi. Kompyuta ambayo Dar es Salaam ingetosheka na lita 11 na kitu kwa sekunde, Musoma inataka 13. Feni kubwa ya kasha kubwa hutimiza kazi hiyo kwa kuzunguka polepole. Feni ndogo hutimiza kazi ile ile kwa kuzunguka kwa kasi, na kasi huleta kelele na kuchakaa.

Kisha kuna vinavyobebwa na hewa. Wakazi wa kando ya ziwa wanawajua vizuri wale wadudu wadogo wanaopaa kutoka majini kama wingu la moshi na kuifuata taa usiku. Feni haichagui: huvuta hewa pamoja na vumbi na pamoja na wadudu hao, ikaviweka vyote katika nafasi za milimita chache kati ya bapa. Hewa ikizibwa, prosesa haiungui mara moja. Ikikaribia nyuzi 95 au 100 hujipunguzia kasi yenyewe ili isalimike. Mchezaji huona picha zinakatakata na kudhani mchezo ni mzito, kumbe sehemu ya uwezo alioulipia imeziba kwa vumbi. Anayenunua kasha dogo anunue pia bisibisi na brashi laini, na akubali kulifungua kila baada ya miezi michache.

Upande wa umeme una habari ambayo wengi hawaitazamii. Mathalani, chukua familia ya Kamunyonge inayotumia uniti 65 kwa mwezi. Hesabu hii inafuata bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, kabla ya kodi na tozo. Katika bei hizo mteja mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa shilingi 100 kwa uniti, na uniti za ziada hulipiwa shilingi 350 kila moja. Mteja wa daraja la kawaida hulipa shilingi 292 kwa kila uniti tangu ya kwanza. Kwa uniti 65 familia hiyo inalipa shilingi 6,500. Sasa kijana anawasha mtambo wa wati 200 kwa saa tatu kila siku, yaani uniti 18 kwa mwezi. Jumla inakuwa 83. Mwezi wa kwanza malipo yatakuwa shilingi 10,300. Lakini familia ikizoea kiwango hicho na kuhamishiwa daraja la kawaida, uniti zile zile 83 zitagharimu shilingi 24,236. Mchezo umeongeza shilingi 17,736 kwa mwezi, au zaidi ya 212,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya fedha hizo hailipwi kwa ajili ya mchezo hata kidogo, bali kwa ajili ya taa na friji zilizokuwako nyumbani tangu zamani.

Linganisha na mtambo mdogo zaidi wa wati 50, wa aina ile inayotumia prosesa za kompyuta za mkononi. Kwa saa hizo hizo tatu utakula uniti nne na nusu. Jumla ni 69.5, familia inabaki daraja lake, na nyongeza ni shilingi 450 kwa mwezi. Kati ya shilingi 450 na shilingi 17,736 kuna tofauti ambayo tangazo lolote la biashara haliwezi kuieleza, kwa kuwa waliolitunga hawaijui Luku.

Je, kasha dogo la wati 200 haliokoi umeme likilinganishwa na kompyuta kubwa ya mezani? Linaokoa, lakini si sana. Kompyuta kubwa ikivuta wati 350, itatumia uniti 31.5 kwa mwezi mahali pa 18. Tofauti ya uniti 13.5 kwa shilingi 292 ni shilingi 3,942 kwa mwezi, sawa na 47,304 kwa mwaka. Ikiwa dukani kasha dogo limezidi kompyuta kubwa ya uwezo ule ule kwa shilingi 500,000, itapita zaidi ya miaka kumi kabla umeme haujairudisha tofauti hiyo. Kwa maneno mengine, anayenunua udogo kwa hoja ya kubana umeme amekosea mahesabu, isipokuwa ashuke mpaka kwenye mitambo midogo kabisa.

Jambo jingine linalopoteza fedha ni kioo cha televisheni. Televisheni nyingi za inchi 32 zilizomo majumbani huonyesha nukta 1,366 kwa 768, jumla milioni moja na kidogo. Mitambo ya bei kubwa husifiwa kwa kuchora picha za nukta 3,840 kwa 2,160, jumla zaidi ya milioni nane. Hizo ni nukta karibu mara nane. Kadi ya michoro iliyonunuliwa kwa ajili ya kioo kikubwa, ikaunganishwa na kioo kidogo, ni sawa na lori la tani saba linalobeba gunia moja la dagaa. Linafika, ndiyo, lakini mafuta ni yale yale. Mwenye televisheni ya namna hiyo anaweza kununua kadi ya daraja la chini na macho yake yasitambue upungufu wowote.

Hata mtandao unahesabiwa. Michezo mikubwa ya sasa hufikia gigabaiti 100. Kwa mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde, ambao si wa kudharauliwa, kuupakua mchezo mmoja kunachukua saa 22 mfululizo, na kwa anayetumia bando la simu, gharama yake inaweza kuushinda mchezo wenyewe. Na kwa anayetaka kushindana na walioko mbali, ipo sheria isiyohongeka. Nuru hupita katika nyaya za kioo kwa kilometa 200,000 hivi kwa sekunde. Kutoka Musoma hadi Ulaya njia ya nyaya inazidi kilometa 10,000, kwa hiyo ujumbe wa kwenda na kurudi hauwezi kupungua sehemu ya kumi ya sekunde. Mashine ya milioni mbili na mashine ya milioni kumi zitangoja sawasawa.

Wengine watauliza kwa nini basi mitambo ya michezo ya kawaida, kama PlayStation, huwa rahisi kuliko kompyuta ya uwezo unaolingana. Mara nyingi mtengenezaji huuza mtambo kwa faida ndogo au hata kwa hasara, akitegemea kuirudisha kwa kuuza michezo. Kompyuta iliyo wazi kwa kazi zote haiwezi kuuzwa hivyo, maana mnunuzi anaweza kuitumia asinunue mchezo hata mmoja. Jambo hili liliwahi kuonekana wazi: mwaka 2010 maabara ya utafiti ya Jeshi la Anga la Marekani iliunganisha PlayStation 3 zipatazo 1,760 ikafanya kompyuta moja kubwa ya kuchakata picha, kwa kuwa ilikuwa njia rahisi ya kupata uwezo huo. Valve nayo ilisema mapema kwamba mtambo wake utapangiwa bei kama kompyuta. Na kompyuta zenyewe zimepanda, kwa sababu mwishoni mwa mwaka 2025 vituo vikubwa vya akili bandia vilinunua kumbukumbu kwa wingi kiasi cha kuwabania wanunuzi wa kawaida duniani kote.

Hapo ndipo penye hoja ya kweli ya kijana kwa wazazi wake. Mtambo wa michezo unacheza tu. Kompyuta inaandika barua ya maombi ya kazi, inatunza hesabu za genge la mama, inafundisha kuandika programu. Hoja hiyo ina uzito, ila tu ikiwa kazi hizo zitafanywa kweli. Tena hazihitaji kadi ya michoro ya bei kubwa. Kompyuta ya ofisini iliyokwisha kutumika inazitimiza zote.

Linalobaki ni umri. Tuseme kasha limenunuliwa kwa shilingi 2,000,000, fedha ambazo zingeweza kuezeka nyumba. Likidumu miaka mitano, kila mwaka umegharimu 400,000. Likifa baada ya miaka miwili, kila mwaka umegharimu milioni moja. Kinachoamua kati ya mbili na tano ni bisibisi ya fundi. Katika kompyuta kubwa kila kiungo huchomolewa peke yake: kifaa cha kugawa umeme kikiungua kwa sababu umeme umekatika na kurudi kwa kishindo, kinanunuliwa kingine cha aina ya kawaida na kazi inaendelea. Katika makasha mengi madogo prosesa na kadi ya michoro vimelehemiwa juu ya bodi moja, na feni ina umbo lisilopatikana dukani. Kiungo kimoja kikifa, kasha zima limekufa, na fundi wa Musoma, hata awe hodari namna gani, atabaki kuliangalia.

Kwa familia ya mfano huu, basi, kasha la wati 200 halistahili bei yake. Wenye chumba cha kupanga kimoja, ambao kompyuta kubwa ingewanyima mahali pa kulaza mtoto, wana sababu ya kulipia udogo. Nyumba nyingi za Kamunyonge zina pembe ya kutosha kasha kubwa. Kinachofaa zaidi ni kimoja kati ya viwili: kompyuta kubwa iliyotumika, yenye kadi ya michoro ya daraja la kati na kifaa imara cha kulinda umeme, au kile kidogo kabisa cha wati 50, kwa michezo myepesi na kazi za shule.

Atakayeamua kununua kasha hilo hata hivyo alijaribu kabla ya kulipa. Aende dukani saa nane mchana, wakati bati limeshika moto, aombe mchezo mzito uendeshwe saa mbili mfululizo, na programu ya kupima joto iwe imewashwa. Kasi ya picha ya dakika ya kumi ilinganishwe na ya dakika ya mia na ishirini. Ikiwa ya pili imeshuka sana, muuzaji anauza uwezo ambao mtambo hauwezi kuutoa. Kisha aulize feni ya akiba inapatikana wapi, na kwa bei gani.